Tope la Bandari Huenda Wapi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Matayarisho. Kabla ya kufungua redio, mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya, na wanafunzi wayasome kwa sauti: bandari, gati, kina, tope, mkuku, mkondo, matumbawe, kibali. Tena darasa liwe na chupa mbili za kioo zilizotiwa maji ya kisima mpaka karibu na shingo, konzi moja ya mchanga, na konzi moja ya udongo laini wa shambani.

MWALIMU: Wasikilizaji, hamjambo? Karibuni tena darasani. Haya, kazi ya kwanza. Tieni mchanga katika chupa ya kwanza, na udongo katika chupa ya pili. Zibeni kwa kiganja, tikiseni vizuri, kisha ziwekeni mezani penye mwanga. Msiziguse tena mpaka nitakapowaambia.

Leo tutajifunza habari za bandari. Hata mtu asiyepata kuiona bandari amekula au amevaa kitu kilichopita huko. Ngano ya mkate, mafuta ya kupikia, mbolea, mabati, nguo: vingi vya vitu hivi hushushwa Kilindini, Mombasa, kisha hupanda gari-moshi au lori mpaka Nairobi, na kutoka huko mpaka Kampala, Kigali na kwingineko. Lakini somo la leo si la shehena. Ni la tope lililo chini ya meli. Tope hilo halina budi kuchimbwa. Huchimbwa kwa chombo gani? Hupelekwa wapi? Na likishatupwa huko, je, mambo yamekwisha?

Hapa studioni nimemwalika mzee mmoja wa pwani, mvuvi, ambaye sasa ni mwanafunzi wa darasa la watu wazima kama ninyi. Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Nanyi wasikilizaji, salaam aleikum.

MWALIMU: Mzee, umevua samaki miaka mingapi?

MZEE: Tangu sijaota ndevu. Nilianza na mshipi, nikaja madema, nikaishia na nyavu. Kusoma ndiko nilikoanza juzi.

MWALIMU: Na sababu ya kuanza kusoma tutaisikia baadaye. Kwanza una swali.

MZEE: Naam. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba kilindi maana yake ni maji marefu. Kilindini ni mahali penye kilindi. Wazee wetu waliipa jina hilo kwa kuwa waliona maji yake. Sasa mahali penye maji marefu pachimbwe kwa nini?

MWALIMU: Swali zuri sana. Kuna sababu mbili. Andikeni katika madaftari: moja, meli zimekua, mbili, udongo hauachi kuja.

Tuanze na meli. Kila chombo huzama sehemu yake majini. Jahazi lenye shehena huzama mita chache tu. Meli kubwa za makontena za siku hizi huzama mita 12, 13, na hata zaidi. Tena haifai mkuku, yaani ule uti wa chini wa chombo, upite sawasawa na tope. Lazima pabaki maji chini yake.

MZEE: Mkuku ukigusa, nahodha amekwisha kuchelewa.

MWALIMU: Ndivyo. Basi maji yaliyokuwa kilindi kwa jahazi si kilindi kwa meli ya leo. Kwa sababu hiyo njia ya meli ya kuingia Kilindini ilichimbwa mwaka 2011 na 2012, mpaka kina chake kikafika mita 15. Njia ikiwa na maji mafupi, meli ina mambo mawili: ama ije na nusu ya shehena, ama ingoje nje mpaka maji yajae. Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, kwa hiyo kungoja kwaweza kusaidia. Lakini meli hukodishwa kwa siku. Kila siku ya kungoja ina gharama yake, na gharama hiyo hailipwi na meli. Huongezwa katika bei ya mafuta na bei ya mbolea. Mkulima wa Bungoma, asiyejua bahari, huilipa bila kujua.

Sababu ya pili ni udongo. Kilindini inaingiwa na mito ya msimu. Mmoja ni Mwache, unaotoka upande wa Kinango. Wakati wa masika mto huo huleta maji mekundu. Wekundu ule ni nini?

MZEE: Ni mashamba ya watu.

MWALIMU: Ni mashamba ya watu! Mvua ikipiga ardhi iliyo tupu, isiyo na majani wala matuta, huivunja na kuichukua. Mto unapokwenda mbio hubeba udongo huo. Unapofika penye maji mapana, mwendo wake hupungua, na mzigo huanguka. Tena maji ya chumvi yana tabia moja: hufanya chembe za udongo laini zishikane zikawa vibonge vidogo, na vibonge huzama upesi kuliko chembe moja moja. Basi mahali hasa panapokusanya tope ni pale mto unapokutana na bahari. Na hapo ndipo watu hupenda kujenga bandari, kwa sababu pana maji matulivu. Utulivu unaopendwa na meli unapendwa na tope pia.

Kwa hiyo kuchimba bandari si kazi ya mara moja. Ni kama kupalilia. Ukipalilia mwaka huu, magugu yatarudi.

MZEE: Watajuaje mahali gani tope limerudi? Hakuna anayeona chini.

MWALIMU: Ninyi wavuvi hujuaje?

MZEE: Tunatia bildi. Kamba yenye risasi nzito mwishoni. Ikigusa chini, unahesabu pima.

MWALIMU: Meli ya kupima hufanya vivyo hivyo, lakini bildi yake ni sauti. Chombo kilicho chini ya meli hupiga sauti kuelekea chini. Sauti hugonga tope na kurudi kama mwangwi, na chombo huhesabu muda uliopita. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde moja. Tufanye hesabu. Ikiwa sauti imekwenda na kurudi kwa sehemu 2 za sekunde iliyogawanywa mara 100, imesafiri mita ngapi? 1,500 mara 2, gawanya kwa 100. Jibu ni mita 30. Lakini hiyo ni safari ya kwenda na kurudi, basi tugawanye kwa 2. Kina ni mita 15. Meli ya kupima hupita huku na huku, kama mtu anayelima matuta, na kutoka katika vipimo hivyo hupatikana ramani ya chini ya bahari.

Sasa tuje kwenye kuchimba. Meli ya kuchimba huitwa dreja. Ziko za namna nyingi, nami nitataja tatu.

Namna ya kwanza hufaa tope laini na mchanga. Ni meli kamili iendayo yenyewe. Ubavuni ina bomba kubwa linaloshushwa mpaka chini, kama mkonga wa tembo. Meli huenda polepole huku bomba likifyonza tope pamoja na maji, na kuyamwaga katika tumbo la meli. Humo tope huzama, na maji ya juu humwagika kurudi baharini. Tumbo likijaa, bomba hupandishwa, na meli hung'oa safari kwenda kutupa.

Namna ya pili hufaa mahali pagumu, penye mwamba. Chombo hiki husimama mahali pamoja, na mbele kina kichwa chenye meno kinachozunguka na kuusaga mwamba. Vipande hufyonzwa na kupelekwa kwa bomba refu, mara nyingi mpaka nchi kavu.

Namna ya tatu ni mkono wa chuma wenye ndoo, kama wa mashine za barabara, ila umewekwa juu ya chombo kieleacho. Huchota tope na kulitia katika tishali lililofungwa kando. Hufaa karibu na gati, mahali ambapo meli kubwa haiwezi kugeuka.

MZEE: Na tope lenyewe ni kiasi gani? Maana nikisikia watu wakisema wamechota tope, nafikiri ndoo.

MWALIMU: Tufanye hesabu ya pili. Chukueni njia ya meli yenye urefu wa mita 1,000 na upana wa mita 300. Tunataka kuishusha mita 1 tu. 1,000 mara 300 mara 1 ni mita za ujazo 300,000. Lori moja la mchanga, tuseme, linachukua mita za ujazo 10. Basi ni malori mangapi? Ni malori 30,000. Na hiyo ni mita moja, katika kilometa moja.

MZEE: Malori 30,000! Utayamwaga wapi?

MWALIMU: Hapo ndipo kiini cha somo letu. Kuchimba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutupa, na nusu hii haionekani na watu.

Tope laweza kwenda njia tatu. Kwanza, likiwa ni mchanga safi, laweza kutumika: kujaza mahali pa kujengea gati, au kurudisha ufuo ulioliwa na mawimbi. Mchanga ni mali. Pili, laweza kuwekwa nchi kavu, ndani ya ukuta wa udongo, likauke. Lakini huchukua muda mrefu kukauka, lina chumvi isiyofaa mimea, na ardhi karibu na bandari ni haba. Tatu, laweza kupelekwa baharini. Dreja au tishali huenda mpaka mahali palipowekwa alama katika ramani, hufungua milango iliyo chini ya tumbo lake, na kwa dakika chache mzigo wote umekwisha. Njia hii ni rahisi kuliko zote, na ndiyo itumiwayo sana duniani.

MZEE: Milango ikifunguliwa, tope linakwenda chini moja kwa moja?

MWALIMU: Sehemu kubwa huanguka kwa pamoja, kama jiwe. Lakini sehemu moja hubaki majini kama wingu, na wingu hilo hufuata mkondo. Wasikilizaji, tazameni chupa zenu sasa, bila kuzigusa. Mnaona nini? Katika chupa ya kwanza mchanga umelala chini zamani, na maji ni meupe. Katika chupa ya pili, sehemu ya udongo imelala chini, lakini maji ya juu bado ni machafu. Chupa hiyo ndiyo bahari mahali pa kutupia.

Sikilizeni hesabu ya tatu. Punje ya mchanga mwembamba huteremka sentimeta moja au mbili kwa sekunde. Katika maji ya mita 15 itafika chini kabla ya nusu saa. Lakini chembe ndogo ya tope yaweza kuchukua saa 10 na zaidi kushuka mita hizo hizo. Mkondo ukienda kilometa 2 kwa saa, chembe hiyo itakuwa wapi baada ya saa 10?

MZEE: Kilometa 20 mbali.

MWALIMU: Kilometa 20! Basi mtu aliyetupa tope hapa, amelitupa kwa jirani. Ndiyo maana nasema, andikeni: tope likitupwa halipotei, linahama. Na swali la haki ni hili: linahamia kwa nani?

MZEE: Mwalimu, hilo nalijua kwa macho yangu. Mwaka mmoja walichimba si mbali na kwetu. Sitataja nani. Maji yalibadilika rangi yakawa kama chai ya maziwa. Tulipovuta madema, yalikuja na tope. Mahali tulipozoea kupata tasi, hatukupata. Vijana wenye mashine waliondoka wakaenda mbali. Sisi wenye mitumbwi tungekwenda wapi?

MWALIMU: Na sayansi inaeleza kwa nini, mzee. Nitaeleza madhara matatu.

La kwanza ni giza. Matumbawe ni wanyama wadogo, lakini ndani ya miili yao wanaishi mimea midogo sana inayowapa chakula, na mimea hiyo huhitaji jua. Majani ya baharini, yale ambayo tasi hula na samaki wachanga hujificha, nayo huhitaji jua. Maji yakichafuka siku nyingi, ni kama kufunika shamba kwa gunia.

La pili ni kufukiwa. Matumbawe yaweza kujisafisha vumbi kidogo. Hayawezi kujifukua. Tena matumbawe hukua polepole. Mengine huongezeka sentimeta moja tu kwa mwaka. Mwamba uliofukiwa kwa siku moja huchukua miaka mingi kurudi.

La tatu ni sumu. Tope la bandari si kama tope la shambani. Miaka na miaka limepokea mafuta, maji machafu ya mji, na rangi za meli. Zamani meli zilipakwa rangi yenye dawa ya bati, ili makome yasizishike. Dawa hiyo iliharibu makome na chaza wa mahali pengi. Huko Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza walipata hasara kubwa, na mwaka 1982 nchi hiyo ikaanza kuizuia. Mkataba wa dunia wa kuikataza ulianza kazi mwaka 2008. Lakini sumu iliyokwisha kuingia katika tope la bandari hukaa humo muda mrefu. Tope likilala, sumu imelala nalo. Ukilichimba na kulitupa, umeiamsha.

MZEE: Kwa hiyo bandari isichimbwe?

MWALIMU: Sisemi hivyo. Bandari isipochimbwa hufa, na watu wengi hula kwa bandari: makuli, madereva, wenye maduka, hata serikali kwa ushuru wake. Nasema ichimbwe kwa akili. Mataifa yamekwisha kulifikiria jambo hili. Mwaka 1972 yalifanya mkataba huko London juu ya kutupa vitu baharini, nayo Kenya imo. Mkataba wa kwanza ulitaja vitu vilivyokatazwa. Mwaka 1996 nchi ziliandika masharti mapya, yakaanza kazi mwaka 2006, na masharti hayo yamegeuza jambo: sasa kutupa chochote kumekatazwa, ila vitu vichache vilivyotajwa, navyo kwa kibali. Tope la bandari ni moja ya vitu hivyo vichache. Halitupwi kwa kuwa bahari ni kubwa. Hutupwa kwa kuwa limepimwa na limepata kibali.

Basi kabla ya kibali yapasa kuuliza maswali matano. Yaandikeni, maana haya ndiyo somo lenyewe.

Swali la kwanza: tope lina nini ndani yake? Lichukuliwe sehemu mbalimbali, lipimwe. Lenye sumu nyingi lisitupwe baharini. Liwekwe mahali palipozungushwa.

Swali la pili: litatupwa wapi? Mahali pafupi ni rahisi kwa mafuta ya meli, lakini maji yakiwa mafupi, mawimbi hulitibua na mkondo huweza kulirudisha bandarini. Hapo mtu amelipa mara mbili kuchimba tope lile lile. Mbele ya Mombasa bahari hushuka upesi. Ukitoka nje ya mwamba kilometa chache tu unakuta maji ya mita 200 na zaidi. Lakini mahali pengine bahari ni fupi kwa mwendo mrefu, na safari ya kutupa huwa ndefu.

Swali la tatu: litatupwa lini? Mzee, mkondo wa kwetu unakwendaje?

MZEE: Pwani ya Mombasa na Kwale mkondo wa nje unakwenda kaskazini. Wakati wa kusi unakuwa na nguvu, mtumbwi haurudi kwa kafi.

MWALIMU: Basi mwenye kutupa tope ni lazima ajue jambo analolijua mvuvi: kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, wakati samaki wanapotaga. Tope lile lile, mahali pale pale, laweza kudhuru katika mwezi mmoja na lisidhuru katika mwezi mwingine.

Swali la nne: nani ataangalia? Meli za kazi hii huandikwa safari zake kwa mitambo inayoonyesha mahali zilipo, ili ijulikane kama milango ilifunguliwa mahali pa ramani au njiani. Na uchafu wa maji upimwe kila siku karibu na mwamba. Ukizidi kiwango, kazi isimame.

Swali la tano: watu wanaoishi kwa maji hayo wameambiwa? Swali hili lina hadithi yake ya kweli, nayo ni ya Lamu.

Serikali ya Kenya ilijenga bandari mpya katika Ghuba ya Manda, Lamu. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Ili meli kubwa ziingie, ghuba ilichimbwa. Lakini ghuba ile ilikuwa shamba la wavuvi wa Lamu. Vyombo vyao ni vidogo, na bahari ya nje wakati wa kusi haina masihara. Watu wa Lamu walipeleka shauri mahakamani mwaka 2012. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu. Ilisema kwamba haki za wananchi zilivunjwa, pamoja na haki ya kupewa habari na haki ya mazingira safi, na ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Baadaye yalifuata mazungumzo marefu juu ya namna ya kulipa.

Tazameni vizuri. Mahakama haikusema bandari ni kitu kibaya. Ilisema watu walipaswa kuambiwa na kusikilizwa. Na kesi ilichukua miaka sita. Kuuliza kabla ya kuchimba kungekuwa rahisi zaidi, kwa wavuvi na kwa serikali pia.

MZEE: Mwalimu, sasa niseme kwa nini nilianza kusoma.

MWALIMU: Karibu, mzee.

MZEE: Mwaka ule maji yetu yalipochafuka, tulikwenda kulalamika. Tukaambiwa, lakini tangazo lilibandikwa. Tukauliza, wapi? Wakatuonyesha. Lilikuwa kwenye ubao pale pale dikoni, tunaposhushia samaki. Tulipita mbele yake majuma mawili, asubuhi na jioni. Mimi nilidhani ni tangazo la mkutano wa siasa. Siku za kutoa maoni zilikuwa zimekwisha. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, samaki wangu wamekufa kwa karatasi. Juma lile lile nikajiandikisha darasani.

MWALIMU: Ahsante, mzee. Wasikilizaji, sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka kazi kubwa kama hii ichunguzwe madhara yake kabla haijaanza, na taarifa ya uchunguzi itangazwe ili wananchi watoe maoni katika siku zilizowekwa. Katiba ya mwaka 2010 nayo inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini tangazo lisilosomwa ni karatasi tu. Mkiona karatasi yenye maneno "kuchimba", "kuongeza kina", "kutupa" na "maoni ya wananchi", someni mpaka mwisho. Tafuteni tarehe ya mwisho. Kisha andikeni, au nendeni mkaseme, na ulizeni maswali yale matano.

Na ninyi mlio mbali na bahari msiseme, somo hili si letu. Kumbukeni mto Mwache. Udongo unaochukuliwa na mvua shambani mwako leo, utachimbwa bandarini kwa gharama kesho, na kutupwa juu ya mwamba wa mtu mwingine keshokutwa. Limeni kwa kukata mteremko, si kwa kuufuata. Wekeni matuta. Msilime mpaka ukingoni mwa mto. Acheni majani na miti ishike udongo. Mwenye kufanya hivyo amebaki na shamba lake, tena ameisaidia bandari na mvuvi ambaye hatamwona maisha yake yote.

Sasa tazameni chupa zenu kwa mara ya mwisho. Ile ya pili bado haijatakata. Msiimwage. Iacheni mpaka kesho jioni, mwone itachukua muda gani. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana juma lijalo.

MZEE: Kwaherini, wanafunzi wenzangu.

Maneno ya somo

Bildi: kamba yenye kitu kizito mwishoni, ya kupimia kina cha maji.
Diko: mahali wavuvi wanaposhushia samaki.
Dreja: meli au chombo cha kuchimba tope chini ya maji.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa, itolewayo na wakubwa wa kazi ile.
Mkuku: uti wa chini wa chombo cha baharini.
Tishali: chombo kipana cha kubebea mizigo, ambacho mara nyingi huvutwa na chombo kingine.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini bandari yenye maji marefu tangu zamani yahitaji kuchimbwa leo? Toeni sababu mbili.
2. Njia ya meli ina urefu wa mita 2,000 na upana wa mita 200. Tunataka kuishusha mita 1. Tope ni mita za ujazo ngapi? Dreja ichukuayo mita za ujazo 5,000 itakwenda safari ngapi?
3. Taja maswali matano ya kuuliza kabla ya tope kutupwa baharini. Lipi ni kubwa zaidi kwa watu wa kwenu, na kwa nini?
4. Kila mwanafunzi atafute tangazo moja lililobandikwa karibu na kwake, alisome, na aje kulieleza darasani: linasema nini, limetolewa na nani, na tarehe ya mwisho ni lini.

Kazi ya nyumbani

Tengeneza chupa mbili za maji ya udongo. Katika moja tia kijiko cha chumvi, utikise zote mbili kwa pamoja. Ipi hutakata kwanza? Eleza kwa maneno yako jambo hili linatuonyesha nini juu ya mahali mto unapokutana na bahari.